Kadi Mpya, Mkwamo Uleule: Uchambuzi wa Kisa cha Kuboresha Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mashine moja na mmiliki wake, ambaye ameridhia kisimuliwe kwa sharti kwamba jina lake, mahali anapoishi na wauzaji aliowanunulia visitajwe. Nitamwita mhusika. Mimi niliingia katikati, kama fundi aliyeombwa ushauri wakati nusu ya fedha ilikuwa imekwisha kutumika, na kama itakavyoonekana, baadhi ya makosa yaliyofuata yalikuwa yangu. Bei sizitaji kwa kuwa hubadilika kila mara. Badala yake nitapima kila ununuzi kwa sehemu ya bajeti aliyokuwa ametenga.

Hali ya mashine kabla ya kuguswa

Kompyuta iliunganishwa mwaka 2018 kwa vipuri vya bei ya chini vya wakati ule. Prosesa, yaani chipu kuu ya hesabu, ilikuwa AMD Ryzen 5 1600 yenye viini 6 na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayoweza kwenda kwa pamoja), toleo la kwanza la ukoo wa Ryzen lililotoka mwaka 2017, juu ya ubao mama wenye soketi ya AM4 na chipseti ya B350. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ilikuwa kipande kimoja cha aina ya DDR4 cha GB 8. Kadi ya picha ilikuwa GeForce GTX 1050 Ti ya GB 4, kadi ya mwaka 2016 inayotumia wati 75 na hivyo kujitosheleza kwa umeme wa tundu la ubao mama bila waya wa ziada. Mfumo endeshi, gemu na kila kitu kingine vilikaa kwenye diski ya kuzunguka ya TB 1. Pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme, iliandikwa wati 450, haikuwa na alama ya ufanisi ya 80 PLUS, na mtengenezaji wake hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia. Monita ilikuwa ya nukta 1920 kwa 1080, yenye kasi ya hertzi 60.

Lalamiko lenyewe lilikuwa fupi: gemu inakwama. Katika gemu ya kurushiana risasi kwa timu, ambayo ndiyo mhusika aliicheza zaidi ya nyingine zote, picha ilikwenda vizuri kwa dakika nzima, kisha alipogeuka ghafla au alipoingia eneo jipya la ramani ilisimama kwa kitambo cha kupepesa jicho, ikaruka, na alipopata picha tena alikuwa amekwisha kuuawa. Alianza kwa kulaumu intaneti na kubadilisha kifurushi, jambo ambalo halikusaidia. Hatimaye alitazama namba ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde kwenye kona ya skrini, akaona wastani wa 71, akaona pia kwamba wachezaji wenzake wanapata zaidi ya 140, na akahitimisha kwamba kadi ya picha imezeeka.

Hitimisho hilo si la kipumbavu. Kadi ilikuwa kweli ya zamani, na ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba gemu ni kadi ya picha. Tatizo ni kwamba alitumia kipimo kimoja, wastani, kujibu swali ambalo wastani hauwezi kulijibu.

Ununuzi wa kwanza

Mhusika alinunua Radeon RX 6600 iliyotumika, kadi ya mwaka 2021 yenye GB 8 za kumbukumbu na matumizi ya wati 132. Ilimgharimu nusu ya bajeti yote. Kama chaguo la kadi, sina ugomvi nalo: kwa monita ya ukubwa ule ni kadi inayotosha na kubakiza, umeme inaotumia ni mdogo, na nguvu yake iko mbali sana na ile ya zamani. Inatumia njia 8 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na ubao mama, na ubao wa B350 ni wa kizazi cha tatu cha PCIe, lakini kwa kadi yenye GB 8 upungufu unaotokana na hilo ni mdogo. Ingekuwa RX 6500 XT, yenye njia 4 na GB 4 peke yake, ningekuwa na neno la kusema, kwa sababu kadi hiyo kwenye ubao wa zamani hupoteza nguvu kwa kiasi kinachoonekana wazi.

Aliinunua, hata hivyo, bila kuiona ikifanya kazi. Ilipofika nyumbani, joto la wastani la chipu lilisoma nyuzi 76 huku sehemu yake yenye joto zaidi ikisoma 104, tofauti ya nyuzi 28 ambayo kwa kawaida huashiria kwamba grisi ya joto imekauka au kipoza joto hakikukaa sawasawa. Tuliifungua, tukabadilisha grisi, na tofauti ikashuka hadi nyuzi 14. Alikuwa na bahati.

Baada ya kufunga kadi, wastani ulipanda kutoka 71 hadi 88. Mkwamo ulibaki palepale. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Uchunguzi

Jambo la kwanza nililoomba lilikuwa kipimo cha pili: pamoja na wastani, kiwango cha asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi. Programu za bure za kupima fremu hutoa namba hii, na umuhimu wake unaeleweka kwa hesabu ndogo. Chukua sekunde moja ambamo fremu 60 zimetoka kila moja kwa milisekunde 14, jumla milisekunde 840, kisha fremu moja ikachukua milisekunde 160 zilizobaki. Kona ya skrini itaandika fremu 61 kwa sekunde, namba ambayo haina kasoro yoyote, ilhali jicho limeona picha ikisimama karibu moja ya sita ya sekunde. Mchezaji halalamikii zile 60. Analalamikia ile moja.

Kwa mhusika, namba hii, ambayo nitaiita asilimia 1 ya chini, ilikuwa fremu 19 kwa sekunde kwa kadi ya zamani na 21 kwa kadi mpya. Nusu ya bajeti ilikuwa imenunua fremu 17 za wastani na fremu 2 za kile kilichokuwa kinamuudhi.

Jaribio la pili halikugharimu chochote. Tulishusha picha hadi nukta 1280 kwa 720 na kuweka mipangilio yote ya ubora chini kabisa. Kadi ya picha inapokuwa ndiyo kikwazo, kupunguza nukta kwa zaidi ya nusu huifanya ipumue, na fremu hupanda sana. Hapa wastani ulitoka 88 ukafika 90. Kadi haikuwa inasubiriwa na mtu. Yenyewe ndiyo iliyokuwa inasubiri, na kipimo cha matumizi yake, kilichozunguka asilimia 50 hadi 60, kilisema hivyohivyo.

Tulipotazama vipimo vingine wakati gemu ikiendelea, RAM ilikuwa imejaa GB 7.6 kati ya 8, na kila mkwamo ulipotokea matumizi ya diski yaliruka hadi asilimia 100. Prosesa ilisoma asilimia 55, namba ambayo ningemwonya yeyote asiiamini peke yake, maana ni wastani wa nyuzi zote 12, na gemu inaweza kuwa imekibana kiini kimoja hadi mwisho huku vingine vikikaa bure.

Maelezo ya mkwamo yalikuwa sasa mbele yetu. RAM inapojaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya data kwenye faili iliyo katika diski, na gemu inapoihitaji data hiyo hulazimika kungoja irudishwe. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka, ambayo lazima isogeze kichwa chake na kungoja sahani izunguke, huchukua takriban milisekunde 10 kwa kila ombi, yaani mara laki moja zaidi. Ikiwa maombi ni kumi na matano kwa mfululizo, fremu ile ya milisekunde 160 imepatikana.

Tulianza na vitu visivyo na gharama. Kufunga kivinjari na programu ya mazungumzo kabla ya kucheza kulipandisha asilimia 1 ya chini kutoka 21 hadi 33. Kisha tukaingia kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, na kukuta kwamba kipande cha RAM kilichouzwa kama cha kasi ya 3000 kimekuwa kikienda 2133 kwa miaka yote hiyo, kwa kuwa wasifu wa XMP, yaani mipangilio ya kasi iliyoandaliwa na mtengenezaji wa RAM, haukuwahi kuwashwa. Tuliuwasha kwa kasi ya 2933 na tukapata fremu tatu zaidi. Si nyingi, lakini alikuwa amezilipia tangu mwaka 2018.

Uamuzi kuhusu RAM na hifadhi

Njia ya bei nafuu zaidi ilikuwa kuongeza kipande kingine cha GB 8 kando ya kile cha zamani. Niliikataa, na mhusika hakufurahi. Kidhibiti cha kumbukumbu katika Ryzen za kwanza kinajulikana kwa kuchagua: rasmi kinakubali kasi ya 2667 tu, na vipande viwili vya chipu tofauti mara nyingi hulazimika kwenda kwa kasi ya chini ndipo vielewane. Kipande kinacholingana na cha zamani hakikuwa kinapatikana tena. Tulichagua seti ya vipande viwili vya GB 8 vya kasi ya 3200 vilivyojaribiwa pamoja kiwandani. Kwa prosesa iliyokuwapo kasi hiyo ilizidi uwezo, lakini Ryzen za mfululizo wa 5000 zinaikubali rasmi, na tayari nilikuwa na wazo kwamba safari ingeishia huko. Kununua GB 32 tulikujadili kwa dakika moja hivi na kukuacha.

Faida haikuwa ukubwa peke yake. Kipande kimoja hutumia chaneli moja kati ya mbili ambazo prosesa inazo. Kwa kasi ya 2133 na chaneli moja, kiwango cha juu cha kinadharia cha kupitisha data ni GB 17 kwa sekunde. Kwa 2933 na chaneli mbili ni karibu GB 47. Kwa Ryzen jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu kasi ya njia ya ndani inayounganisha makundi ya viini imefungwa kwenye kasi ya RAM, na RAM ikienda polepole prosesa nayo huzungumza yenyewe kwa yenyewe polepole. Vipande tuliviweka katika tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, kama kitabu cha ubao kilivyoelekeza. Mashine ilikataa kuwaka kwa 3200, ikajiwasha upya mara tatu, kisha ikarudi yenyewe kwenye kasi ya msingi. Tuliiwekea 2933 na ikatulia.

Kuhusu hifadhi, ubao ulikuwa na tundu moja la M.2, na SSD (hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka) ya aina ya NVMe ya GB 500, inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu hilo, iliuzwa kwa bei ileile ya SSD ya SATA, inayounganishwa kwa nyaya. Kwa gemu nyingi tofauti kati ya aina hizo mbili katika muda wa kupakia ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Hatua kubwa ni ile ya kutoka kwenye diski ya kuzunguka kuingia kwenye SSD ya aina yoyote. Bei zilipolingana, tulichukua ya NVMe na kuepuka nyaya mbili.

RAM na SSD kwa pamoja zilichukua chini kidogo ya moja ya tano ya bajeti. Wastani ulipanda hadi 97. Asilimia 1 ya chini ilifika 58.

Hapo tulifanya jaribio ambalo naliona kuwa ndilo lenye thamani kuliko yote katika kisa hiki, na ambalo liliwezekana tu kwa kuwa kadi ya zamani ilikuwa haijauzwa. Tuliirudisha GTX 1050 Ti kwa jioni moja, tukaondoa draiva (programu zinazoiendesha kadi) za kadi moja na kuweka za nyingine kwa usafi, na tukapima tena kwa mipangilio ileile ya mwanzo. Wastani: 74. Asilimia 1 ya chini: 52. Mashine ya mwanzo, ikiwa na kadi yake ya mwanzo, ilikuwa imetoka 19 hadi 52 bila kadi mpya kuhusika hata kidogo. Mhusika alinyamaza kwa muda mrefu akiitazama skrini.

Pawasaplai

Sehemu hii nilipaswa kuifikia mapema zaidi. Wakati wa kubadilishana kadi niligusa waya wa umeme wa RX 6600 na kuukuta una joto lisilo la kawaida. Kadi hiyo inahitaji plagi moja ya pini 8. Pawasaplai haikuwa na plagi hiyo, na mhusika alikuwa ametumia adapta inayounganisha plagi mbili za zamani za pini nne, zile zilizokuwa zikitumiwa na diski, kuwa moja ya pini 8. Plastiki ya plagi moja ilikuwa imeanza kulainika. Nilipouliza, alikumbuka kwamba mashine ilikuwa imezimika yenyewe mara mbili katikati ya mchezo; alidhani ni kasoro ya mfumo endeshi, kwa hiyo hakuona sababu ya kuitaja.

Ukihesabu kwa juujuu, wati 450 zilitosha. Kadi inatumia 132, prosesa ya daraja la wati 65 ya AM4 inaruhusiwa kufika 88, na ubao, diski na feni tuzipe 50: jumla 270. Lakini lebo ya ubavuni ilisema jambo tofauti na maandishi makubwa ya kwenye boksi. Katika volti 12, ambazo ndizo zinazolisha kadi na prosesa, pawasaplai ile ilitoa ampea 23, yaani wati 276. Wati zilizobaki zilikuwa za volti 3.3 na volti 5, ambazo kompyuta ya leo huzitumia kwa uchache. Mashine ilikuwa inakimbia ukingoni, kwa kifaa cha zaidi ya miaka sita na adapta isiyofaa.

Mhusika alitaka kununua adapta bora na kuendelea. Nilimwambia kwamba sitaigusa mashine tena mpaka pawasaplai ibadilishwe. Maneno hayo yalikuwa makali, na sijutii. Tulinunua mpya ya wati 550 yenye alama ya 80 PLUS Bronze na plagi yake halisi ya pini 8, kwa moja ya kumi ya bajeti. Haikuongeza fremu hata moja, na ndiyo sababu ununuzi wa aina hii huachwa mwisho au huachwa kabisa. Kuzimika kwenyewe hakukurudia.

Prosesa, na ajali iliyoweza kuepukika

Kilichobaki katika bajeti kilikaribia kutosha kwa hatua moja zaidi. Kuhamia AM5, soketi iliyofuata AM4, tulikuondoa mezani mara moja, kwa kuwa kungedai ubao mpya na RAM ya DDR5, na seti tuliyotoka kuinunua ingekuwa haina kazi. Ndani ya AM4 kulikuwa na Ryzen 5 3600 iliyotumika na Ryzen 5 5600 mpya. Tulichagua 5600: viini 6 na nyuzi 12 kama ile ya zamani, lakini kila kiini kina nguvu kubwa zaidi kwa wingi, na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ya MB 32 hutumiwa na viini vyote kwa pamoja. Ni vyema kutazama jina kwa makini wakati wa kununua, maana Ryzen 5 5500 na 5600G zina MB 16 tu, na katika gemu pengo hilo huonekana. Sababu nyingine ilikuwa nje ya gemu: Ryzen ya mfululizo wa 1000 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025.

Bao za B350 hazikutengenezwa kwa ajili ya Ryzen 5000. AMD iliruhusu rasmi mwaka 2022, kupitia matoleo mapya ya BIOS, na masasisho hayo lazima yawekwe prosesa ya zamani ikiwa bado iko kwenye soketi, kwa sababu BIOS ya zamani haiijui prosesa mpya na haitawasha picha. Kwa ubao huu mtengenezaji alidai kwanza toleo la kati, kisha la mwisho. Yote hayo niliyajua. Nilimwambia mhusika kwa simu, nikiwa njiani, kwamba "BIOS kwanza". Sikuandika, sikueleza kwa nini, na sikusema kitakachotokea akiruka hatua.

Prosesa ilifika jioni. Alilegeza skrubu za kipoza joto, akakivuta juu kwa nguvu, na prosesa ya zamani ikang'oka kutoka kwenye soketi ikiwa imegandia chini ya kipoza joto, wakati wenzo wa soketi ulikuwa bado umefungwa. Grisi iliyokaa miaka sita huwa kama gundi, na soketi ya AM4 huishika prosesa kwa kuzibana pini zake tu, bila fremu ya chuma ya kuikandamiza kwa juu. Kati ya pini 1331, nne zilipinda. Akaiweka kando, akafunga mpya, akawasha: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Alijaribu hadi usiku wa manane, akaamini ameuziwa prosesa mbovu, na asubuhi alikuwa amekwisha kuanza kuifungasha airudishe.

Tulizinyoosha pini nne kwa kupitisha ukingo wa wembe kati ya mistari yake, taratibu, tukiangalia kwa kioo cha kukuza, na kuzimalizia kwa ncha ya chuma ya penseli ya kubonyeza iliyoondolewa risasi. Kazi ya dakika arobaini ambayo ingeweza kwisha vibaya kwa mkono mmoja kutetemeka. Prosesa ya zamani ikaingia bila kusukumwa, mashine ikawaka, nasi tukaweka toleo la kati na kisha la mwisho kutoka kwenye flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, kompyuta ikiwa kwenye betri ya akiba ili umeme usikatike katikati. Safari hii, kabla ya kung'oa kipoza joto, tuliendesha gemu dakika ishirini ili grisi ilainike, tukazima na kuchomoa waya, kisha tukakizungusha kushoto na kulia mpaka kikaachia chenyewe.

Prosesa mpya iliwaka mara ya kwanza. BIOS ilikuwa imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo XMP iliwashwa tena, na sasa 3200 ilikubali bila mzozo. Diski ya mhusika haikuwa imesimbwa. Ingekuwa imesimbwa kwa BitLocker, zana ya usimbaji ya Windows, kubadilisha prosesa kungeweza kuifunga hadi apatikane mwenye ufunguo wa urejeshaji, na ufunguo huo lazima uwe umehifadhiwa kabla ya kufungua boksi.

Matokeo

Kwa mipangilio ileile, wastani ulifika 141 na asilimia 1 ya chini 96. Prosesa iligharimu robo ya bajeti. Jumla ilizidi bajeti kwa asilimia 3 hivi, na kuuzwa kwa GTX 1050 Ti kulifidia ziada hiyo. Prosesa ya zamani, pini zake zikiwa zimenyooshwa, mhusika aliona haya kuiuza, akampa rafiki bure baada ya kumweleza historia yake.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi si kununua kadi, bali kuinunua kabla ya kupima. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu kadi yenyewe ilikuja kufaa: bila hiyo, prosesa mpya isingekuwa na wa kumlisha. Lakini lalamiko alilokuwa nalo mhusika lilikuwa la mkwamo, na mkwamo ulitibiwa na chini ya moja ya tano ya bajeti. Kama angeanza na RAM na SSD, kuna uwezekano mkubwa kwamba angeridhika na kadi ya zamani kwa mwaka mwingine na kununua kadi kwa utulivu, baada ya kuiona ikifanya kazi mbele yake.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni majaribio yasiyo na gharama, hasa lile la kushusha nukta. Lilichukua dakika tano na lilitosha kuzuia fedha nyingine isifuate njia ileile. Mhusika alikuwa amekwisha kuwaza kuirudisha RX 6600 na kuongeza fedha apate kubwa zaidi. Uamuzi wa kununua seti ya RAM ya 3200 wakati prosesa haikuweza kuifikia nao ulijilipa, ingawa nakiri kwamba ungeonekana ufujaji kama tungeishia hapo.

Suala la pawasaplai ni dosari ya utaratibu wangu. Nilipoitwa kwa tatizo la fremu nilitafuta fremu, na sikuuliza kadi ya wati 132 inapata umeme kutoka wapi. Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza, kabla ya programu yoyote ya kupima, kwa sababu ndilo pekee katika kisa hiki ambalo jibu lake baya lingeweza kuwasha moto. Ajali ya prosesa nayo siwezi kumwachia mhusika peke yake. Aliyepewa neno moja kwa simu na kifaa kipya mkononi atafungua boksi. Maagizo ya hatua zisizorudishika yalistahili kuandikwa, kila hatua na sababu yake. Tangu hapo huandika.

SSD ya GB 500 ilikuwa ndogo. Ilijaa ndani ya miezi miwili, na baadhi ya gemu zimerudi kwenye diski ya kuzunguka, ambako muda wa kupakia ni mrefu kama zamani ingawa mkwamo haukurudi, kwa kuwa RAM haijai tena.

Linabaki swali ambalo mhusika mwenyewe aliliuliza mwishoni, nami sikulifurahia. Monita yake ni ya hertzi 60. Baada ya RAM na SSD, asilimia 1 ya chini ilikuwa 58, yaani mashine ilikuwa tayari inatoa karibu kila kitu ambacho skrini inaweza kuonyesha. Ni kweli kwamba fremu nyingi kuliko kasi ya monita hupunguza kidogo muda kati ya kubonyeza na kuona, na katika gemu ya ushindani mchezaji mzoefu huuhisi. Ni kweli pia kwamba gemu nyingine nzito zilinufaika. Hata hivyo, kwa gemu aliyonijia nayo, robo ya bajeti iliyokwenda kwenye prosesa ingemletea badiliko kubwa zaidi machoni kama ingeanza kwa monita ya hertzi 144, na prosesa ikasubiri. Niliipendekeza prosesa kwa sababu namba zake zingependeza kwenye jedwali langu. Kwa sasa ameweka kikomo cha fremu 60, kadi inafanya kazi kwa asilimia 40 hivi, feni hazisikiki, na anaweka akiba ya monita.